Wimbi la Kanagawa Halikuchorwa Siku Moja

Ni nadra leo kumpata mtu, awe wa bara au wa pwani, ambaye hajapata kuiona, japo kwa jicho la kupita, ile picha ya Kijapani ya wimbi kubwa la buluu lililosimama na kuinama, likanyosha kucha za povu juu ya mashua tatu zilizojaa watu, ilhali mbali kabisa, chini ya upinde wa maji yale, mlima mdogo wenye theluji umetulia pale pale ulipo. Imepigwa chapa juu ya vikombe na fulana, juu ya vifuniko vya simu na kuta za mahoteli, na tangu Julai 2024 imo hata nyuma ya noti ya yeni 1,000 ambayo Mjapani hununulia chakula chake cha mchana. Umaarufu wa namna hiyo ni heshima kubwa kwa msanii, lakini umekuja na hasara yake, nayo ni kwamba picha moja imetengwa na nduguze, ikaonekana kana kwamba ilimshukia bwana mmoja mwenye kipaji asubuhi moja, akaipokea, akaitoa, kazi ikaisha. Naikataa hadithi hiyo kwa sababu mbili: ya kwanza ni kwamba si kweli, na ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, ni kwamba uwongo wake unawadhuru vijana wetu wanaojifunza kuchora, kwa kuwa unawafundisha kungoja bahati mahali ambapo wangepaswa kurudi kazini.

Msanii mwenyewe ni Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760 katika mji wa Edo, ambao siku hizi huitwa Tokyo, na kufariki katika mji huo huo mwaka 1849, umri wake ukikaribia miaka 90. Alilelewa katika nyumba ya fundi wa vioo vya kujitazamia aliyewahudumia watawala. Alipokuwa kijana wa miaka kama 14 akatiwa katika kazi ya kuchonga vibao vya kupigia chapa, na alipotimia miaka 18 akaingia katika karakana ya Katsukawa Shunshō, bingwa wa kuchora sura za wachezaji wa tamthilia. Kwa hiyo mkono wake uliizoea patasi kabla haujaaminiwa kalamu ya msanii, jambo ambalo namwomba msomaji aliweke akilini. Alikuwa mtu asiyetulia: alibadili jina lake la kazi zaidi ya mara 30, na walioandika maisha yake husimulia kwamba alihama nyumba zaidi ya mara 90. Lakini huyo huyo aliyeshindwa kukaa na jina moja au chini ya paa moja alikaa na jambo moja, yaani maji yanayoinuka, kwa muda wa takriban nusu karne.

Mwaka 1797, katika kitabu cha mashairi kilichopambwa kwa michoro, alitoa picha ya majira ya kuchipua mimea huko Enoshima, ambamo watu wa mjini, wanawake na watoto miongoni mwao, wamesimama ufukoni kutazama mandhari, mlima Fuji uko kwa mbali, na wimbi linakuja kuvunjika pwani. Wimbi hilo lina adabu zote za michoro ya kale. Limejikunja vizuri, povu lake limepangwa, wala halimtishi mtu yeyote aliyesimama pale. Takriban mwaka 1803 akairudia bahari, safari hii nje ya pwani ya Kanagawa karibu na Honmoku, akaweka chombo cha shehena chenye tanga chini ya ukuta wa maji. Na baada ya miaka kama miwili akachora tena mashua za makasia zikipambana na wimbi la namna ile ile. Nani anayezitazama picha hizi mbili bila kujua habari yake angekisia kwamba zimetoka katika mkono uliokuja kuipa dunia wimbi mashuhuri kuliko yote? Maji yake ni mazito kama udongo uliofinyangwa, kilele chake ni butu, na hofu ambayo msanii alitaka kuiamsha haiji.

Hata hivyo zina jambo la kuheshimiwa. Wakati ule Japani ilikuwa imejifungia, na miongoni mwa Wazungu ni Waholanzi peke yao walioruhusiwa kufanya biashara, nao wamezuiliwa katika kisiwa kidogo cha Dejima kwenye bandari ya Nagasaki. Kwa upenyo huo mwembamba vitabu na michoro ya Ulaya ikaingia nchini, na Hokusai akaidaka. Katika ile picha ya mashua za makasia aliuzungushia mchoro wake fremu kwa mtindo wa Kizungu, akaliandika jina lake kwa herufi za Kijapani zilizolazwa ubavu ili zifanane na mwandiko wa kigeni, akatia vivuli ili maji yapate unene. Alikuwa ameshapita miaka 40, umri ambao fundi mwenye wateja huona haya kuonekana anajifunza, naye akajifunza mbele ya macho ya mji mzima, katika picha zilizouzwa madukani.

Kisha ikaja miaka zaidi ya 20 ambayo aghalabu wanaosimulia habari za wimbi hili huiruka, nami naona kwamba humo ndimo ilimo siri yote. Kuanzia mwaka 1814 alitoa mfululizo wa vitabu vya michoro ya kila kitu kilichopita mbele ya macho yake, watu na wadudu, vyombo na mimea, upepo na maji. Na mwaka 1823 akatoa kitabu cha mifano kwa ajili ya mafundi wa vitana na viko, ambamo wimbi limo pia. Zingatia kitana kimoja. Ni kipande kilichopinda mgongo, kisichozidi sana upana wa kiganja, ambacho mwanamke wa Edo alikichomeka nyweleni. Fundi anayetaka kukipamba kwa bahari hana nafasi ya kuchora bahari, hana budi kuchagua mpindo mmoja tu, pale maji yanapokuwa yameshakata shauri la kuanguka na bado hayajaanguka, na mpindo huo ufuate mgongo wa kitana bila kuulazimisha. Ni kazi ya riziki, kazi ambayo wapenda sanaa wa majumba makubwa wangeidharau. Lakini aliyejizoesha kulibana wimbi katika upana wa kiganja amekwisha kujua ni mstari upi hauwezi kuondolewa na upi ni pambo tu, na elimu hiyo haipatikani kwa kusoma wala kwa kusikiliza.

Wakati huo mambo ya nyumbani yalimwendea vibaya. Katika miaka ya mwisho ya 1820 alipigwa na maradhi ya kupooza, akapona. Mwaka 1828 akafiwa na mkewe. Na mjukuu wake mcheza kamari akamtwika madeni. Lau angefariki siku zile, akiwa na miaka 67 au 68, umri ambao watu wengi wa zama zake hawakuufikia, tungemkumbuka kama mchoraji hodari miongoni mwa wahodari wengi wa Edo, na wimbi lake lingekuwa lile zito la mwaka 1803. Wazo hilo linanitisha kila nikilifikiri, maana linaonyesha jinsi kazi kubwa inavyoweza kuwa imekwisha kuiva ndani ya mtu, na asiwepo hata mmoja nje yake anayeiona.

Rehema ikamjia kwa njia ya biashara. Rangi ya buluu iliyokuwa imegunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo hapo awali Wajapani waliipata kwa shida na kwa bei kubwa, ilianza kuingia kwa wingi na kwa bei nafuu karibu na mwaka 1830. Ilikuwa buluu nzito isiyopauka upesi, inayokubali kukoozwa mpaka ikakaribia weusi na kuzimuliwa mpaka ikakaribia weupe. Mchapishaji Nishimuraya Yohachi akaona faida yake, akatoa mfululizo wa picha 36 za mlima Fuji zilizochorwa na Hokusai, ambazo kwa kupendwa ziliongezwa nyingine 10 zikawa 46. Ndani ya mfululizo huo, karibu na mwaka 1831, mzee akiwa amepita miaka 70, likatoka wimbi la Kanagawa.

Karatasi yenyewe ni ndogo, urefu wa sentimita kama 25 na upana wa sentimita 37, na mwenye kuizoea ukutani imekuzwa hushangaa akiiona kwa kipimo chake cha asili. Mashua zile tatu ni za mbio, zilizotumika kukimbiza samaki wabichi katika masoko ya Edo; katika kila moja wapiga makasia wamejiinamia, wamekumbatia makasia yao, vichwa vimelazwa, wala hakuna hata mmoja anayeangalia juu, na kwa jumla watu wote hukisiwa kuwa kama 30. Wataalamu waliolipima wimbi kwa kulilinganisha na urefu wa mashua wamekadiria kimo chake kuwa kati ya mita 10 na 12, wakasema kwamba si tsunami kama wengi wanavyodhani, bali ni wimbi la dharuba, la aina inayozuka ghafla katika bahari iliyochafuka. Fuji, wenye mita 3,776, umefanywa mdogo kuliko povu. Na mbele yake wimbi dogo limeinua kilele chenye umbo lile lile la mlima, weupe juu na buluu chini, hata jicho la kwanza linakosea kuhesabu milima. Matone yanayoruka kutoka katika kucha za wimbi yanaangukia upande wa mlima, kana kwamba ndiyo theluji yake. Ule uzito wa udongo wa mwaka 1803 haupo tena: maji yana mishipa, mistari ya buluu nyepesi na nzito inapanda kwa pamoja kutoka shimoni hadi kileleni, nawe unajua bila kuambiwa upande ambao yatamwagikia.

Hapa ndipo ninapomrudisha msomaji kwenye patasi. Mchoro wa Hokusai ulifanywa juu ya karatasi nyembamba, ukagandishwa kifudifudi juu ya kibao cha mti wa mcheri, na mchongaji akaikata karatasi pamoja na mti, akiondoa kila pasipokuwa na mstari. Kwa hiyo mchoro wa mkono wa bwana ulipotea katika kuzaliwa kwa kibao, na kila rangi ikapata kibao chake, na mpiga chapa akazipanga zisipishane hata kidogo. Nakala zilitoka kwa maelfu, na bei ya moja, husemwa, haikuzidi sana gharama ya bakuli mbili za tambi, mpaka vibao vikachakaa na mistari ikaanza kukatika. Mtu aliyepata kusimama kando ya fundi wa milango Unguja au Lamu atafahamu maana ya mambo haya kuliko mtaalamu aliyeyasoma tu vitabuni. Chini ya miimo ya baadhi ya milango ya kale ya Mji Mkongwe wapo samaki waliochongwa, na chini yao mistari ya mawimbi. Nami nimemtazama fundi akiikata mistari kama ile, jinsi patasi inavyokwenda kwa hiari ikifuata nyuzi za mbao, na jinsi, mpindo unapogeuka na kuzikabili nyuzi, anavyopunguza nguvu ya nyundo, anazunguka upande wa pili wa ubao, anaanza kuukata mpindo kutoka mwisho wake ili aje akutane na alikotoka. Mchoraji aliyepitia kazi hiyo ujanani hawezi kuchora mstari wa uvivu, kwa kuwa anajua kwamba kila mzunguko wa kalamu yake utakuwa jasho la mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yalikuwa na maana katika zama ambazo watu hawakuwa na kamera, na kwamba leo mtoto mwenye simu analinasa wimbi kwa sehemu ndogo kabisa ya nukta, kwa ukamilifu ambao Hokusai hakuuota. Siidharau kamera, lakini naona wanaosema hivyo hawajaliuliza wimbi ni kitu gani. Wimbi likipita baharini haliyachukui maji na kuyapeleka ufukoni kama wengi wanavyodhani. Maji huzunguka na kurejea karibu na yalipokuwa, na kinachosafiri ni nguvu tu, mpaka kina kinapopungua, mguu wa wimbi ukacheleweshwa na ardhi ilhali kichwa kingali kinakwenda, likainama, likavunjika. Kamera huonyesha maji yalipokuwa katika nukta moja. Nahodha anayelitazama wimbi likija upande wa omo haoni hivyo. Yeye huona lilikotoka na litakakofikia, na ndiyo maana hukamata usukani kabla halijafika. Mchoraji wa bahari anatafuta kuona kwa namna ya nahodha huyo, na kuona huko hakuji ila kwa kutazama na kutazama tena.

Wengine waliolitafuta jambo hili walipitia njia zao, nazo hazikuwa fupi. Ivan Aivazovsky, Mwarmenia aliyezaliwa mwaka 1817 katika bandari ya Feodosia kwenye Bahari Nyeusi, aliamini kwamba mwendo wa maji hauwezi kufuatwa na brashi pale pale ufukoni, akawa anatazama, anachora vijistari vichache kwa penseli, kisha anakwenda kupaka rangi ndani ya chumba chake kwa nguvu ya kumbukumbu. Picha zake hukadiriwa kuwa kama 6,000, na ile ya Wimbi la Tisa aliyoichora mwaka 1850 ndiyo inayojulikana zaidi. Winslow Homer wa Marekani alifanya kinyume chake. Alihamia mwaka 1883 kwenye miamba ya Prouts Neck katika jimbo la Maine, akaishi huko akisubiri hali ya hewa. Na picha yake ya alfajiri baada ya tufani, aliyoishughulikia kati ya mwaka 1900 na 1903, aliipaka rangi mbele ya bahari yenyewe kwa vikao vinne tu vya saa mbili mbili, baina ya kikao na kikao akingoja mwanga ule ule na bahari ile ile virudi pamoja. Mmoja alitegemea kumbukumbu yake na mwingine subira yake. Ukiniuliza ni yupi aliyekuwa sahihi, nitasema kwamba wote wawili walilipa gharama moja, ambayo ni umri.

Hokusai aliilipa na kuzidi. Wimbi la Kanagawa lilipopendwa hakulifanya kuwa kikomo. Mwaka 1834 alianza kutoa kitabu cha picha 100 za Fuji, na katika mojawapo wimbi limerudi bila mashua wala mabaharia, na povu lake, pale linapotawanyika hewani, limegeuka kuwa kundi la ndege wadogo wa pwani, hata huwezi kuonyesha kwa kidole mahali tone linapokwisha na bawa linapoanza. Katika kitabu hicho hicho aliandika, akiwa na miaka zaidi ya 70, kwamba aliyoyachora kabla ya umri huo hayakuwa na uzito, na kwamba alitaraji kuendelea kufahamu zaidi kila muongo unapopita, mpaka atakapopita miaka 100, nukta na mistari yake ipate uhai. Sioni majivuno katika maneno yale wala unyenyekevu wa kujifanya. Naona hesabu ya fundi anayejua kazi imefika wapi. Mwaka 1839 nyumba yake iliungua, michoro ya miaka mingi ikateketea, naye akaanza tena.

Jambo linalonishika moyo kuliko yote katika maisha yake ni safari za Obuse. Obuse ni mji mdogo wa milimani, katika mkoa ambao leo huitwa Nagano, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Edo, mahali pasipokuwa na bahari. Na huko, kwa mwaliko wa tajiri mmoja mpenda elimu, Takai Kōzan, mzee alikwenda zaidi ya mara moja akiwa amepita miaka 80. Watu wa mtaa mmoja wa mji ule walikuwa na gari la sherehe, la kukokotwa siku ya sikukuu, na dari ya gari hilo ilihitaji kupambwa. Mwaka 1845 Hokusai akaichorea mbao mbili, na alichochora ni mawimbi. Hakuna mashua tena, wala mlima, wala mtu, wala ndege: ni maji matupu yanayojizungusha kuelekea katika kiza cha katikati, povu limegawanyika katika vidole visivyohesabika, na buluu inashuka tabaka baada ya tabaka hadi mahali ambapo jicho halina pa kushika. Ulimwengu haujaziweka picha hizi juu ya vikombe, nami kwa maoni yangu zinalipita lile wimbi la Kanagawa, kwa kuwa katika lile bado kuna kisa, kuna watu wa kuwahofia na mlima wa kuufurahia, na katika haya ya Obuse msanii amethubutu kuliacha wimbi litoshe. Aivazovsky naye, mwaka 1898, akiwa mzee kuliko umri ambao watu hupumzika, alichora turubai kubwa la bahari na anga peke yake, bila chombo chochote. Kwamba wazee wawili wasiojuana, mmoja wa Mashariki ya mbali na mmoja wa Bahari Nyeusi, walifikia kuondoa kila kitu na kubakiza maji, si jambo ninaloweza kulipita kwa haraka.

Sasa nageukia kwetu. Tunakaa katika mwambao ambao nusu ya mwaka hupigwa na kusi na nusu nyingine na kaskazi, wenye miamba inayopasua mawimbi mbele ya macho ya kila mtoto anayekwenda kuvua, na wenye watu wanaozijua tabia za maji makuu na maji mafu kuliko wanavyozijua tarehe za kalenda. Pamoja na hayo, nimezitazama picha nyingi zinazotundikwa kuuzwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe na penginepo, na katika nyingi ya hizo bahari ni mstari uliolazwa ili jahazi lipate pa kukaa, jua linatua, mnazi umeinama, na maji hayajatazamwa. Siwalaumu waliozichora, maana ninawajua baadhi yao na najua mikono yao inaweza zaidi. Wana watoto wa kulisha, na mnunuzi aliye safarini anataka kitu anachokitambua upesi. Hata Hokusai alichora kwa ajili ya soko. Tofauti ni kwamba lile soko lilimruhusu kurudi, na letu linamwambia kijana aliyechora wimbi mara mbili kwamba amekwisha mawazo. Nimelisikia neno hilo likisemwa na mwalimu kwa mwanafunzi, na nimelisikia likisemwa na mnunuzi kwa fundi mtu mzima, na kila mara limenichoma, kwa sababu kama lingesemwa Edo mwaka 1805 na likasikilizwa, tungekuwa hatuna cha kuzungumza hapa.

Bandu bandu huisha gogo, tunaambiwa tangu utoto, lakini katika sanaa tunamhukumu mtu kwa bandu la kwanza. Mwalimu wa kuchora anayetaka kuonyesha darasani wimbi la Kanagawa asilionyeshe peke yake. Alitundike pamoja na lile la 1797, na yale mawili mazito, na lile la ndege, na yale ya Obuse, kwa mfuatano wa miaka yake, tena asiyafiche yaliyoharibika, bali awaulize wanafunzi ni kitu gani kimebadilika kutoka moja hadi jingine. Na mwanafunzi atakayekuja wiki ya pili, na ya tatu, na wimbi lile lile, apewe karatasi nyingine.

Kwa wenye mahoteli ya pwani nina ombi la dhahiri zaidi. Zipo kumbi, hatua chache kutoka ufukoni, ambazo ukutani mwake imetundikwa nakala ya wimbi la Kanagawa iliyopigwa chapa ng'ambo, ilhali nje ya dirisha Bahari ya Hindi inavunjika usiku na mchana. Mwenye ukumbi wa namna hiyo amtafute mchoraji mmoja wa mji wake, amlipe ujira wa mwaka mzima, si wa picha moja, ili akae ufukoni wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, maji yanapojaa na yanapokupwa, asichore kitu kingine ila wimbi. Na mwaka ukitimia zitundikwe zote, zile zilizofaulu na zile zilizoshindwa, kila moja ikiwa na tarehe yake chini. Kama hapo mchoraji ataomba mwaka wa pili, apewe.